Jani la mwarobaini na sukari guru: machipuko yangu matatu Pune

Kijiko kikisimama wima katikati ya sufuria bila mtu kukishika, ujue dengu na sukari guru vimekuwa kitu kimoja, zima moto. Hilo ndilo jambo la kwanza la Holi, sikukuu ya Kihindu ya moto na rangi, nililolielewa sawasawa. Nililielewa jikoni, mwezi wa Machi 2024, katika nyumba moja ya Kothrud, upande wa magharibi wa mji wa Pune, jimbo la Maharashtra, India. Mwaka mmoja nyuma niliijua Holi kwa namna nyingine kabisa, na namna hiyo ilinifanya niape kuwa siku hiyo ikirudi nitajifungia ndani mpaka jua lizame.

Mimi ni mtu wa Makunduchi, kusini ya Unguja. Nilifika Pune katikati ya 2022 kusoma shahada ya biashara, na mwaka wa kwanza niliishi Kondhwa, mtaa wenye Waislamu wengi, pamoja na wasichana wenzangu wa Afrika Mashariki. Tulikuwa tunapika wali wa nazi, tunasuka nywele Jumamosi, tunazungumza Kiswahili kutwa. India ilikuwa nje ya dirisha. Nasema hivi bila kumlaumu mtu, maana ugenini kila mmoja hutafuta pa kuegemea kwanza.

Machipuko ni neno ambalo wengi wetu tumelisoma darasani tu. Sisi tuna kiangazi, masika, kipupwe na vuli. Kule wanaiita vasant, nayo haifanani na ile ya Ulaya ya theluji kuyeyuka. Mwishoni mwa Februari asubuhi bado unatafuta shali, lakini ikiingia Machi jua la mchana linachoma kama la Januari kwetu. Miti ndiyo inayokwambia. Mwembe umejaa maua, mwarobaini unapukutisha majani ya zamani na kuvaa mapya yenye wekundu kwenye ncha, na kuna mti wanaouita palas ambao hutoa maua ya rangi ya moto wakati matawi bado matupu. Zamani maua hayo yalilowekwa kwenye maji, na maji yakawa ya rangi ya zafarani. Hiyo ndiyo iliyokuwa rangi ya Holi. Na shambani ndiyo wakati ngano na dengu zilizopandwa mvua zilipokwisha zinavunwa. Hili la mavuno lishike, kwa sababu ukitazama sahani za sikukuu hizi utaliona humo, na mimi mwaka wa kwanza sikuona sahani hata moja.

Nilichoona ni barabara. Ilikuwa Jumanne, tarehe 7 Machi 2023. Usiku wa kuamkia siku hiyo mioto ilikuwa imewashwa kila kona, na kulipokucha ikawa siku ya rangi, ambayo kule Maharashtra huitwa Dhulivandan. Tulikuwa tumeonywa tusitoke kabla ya adhuhuri. Lakini mwenzetu mmoja aliamka na homa kali, panadoli zimekwisha, nikasema duka la dawa si mbali. Nilivaa gauni jeupe na mtandio. Sikufika hata nusu ya njia. Vijana waliokuwa kwenye pikipiki wakarusha mipira ya maji ya rangi, ikanipasukia begani. Kabla sijajifuta, mwingine akashuka akanipaka shavuni kitu cha rangi ya fedha, kizito kama rangi ya mlango, akapiga kelele ile kauli yao: "Bura na mano, Holi hai!" Maana yake, usichukie, ni Holi. Kikaniingia jichoni.

Nilirudi nimeshikilia ukuta. Ilibidi niende hospitali kusafishwa jicho, na shavu lilibambuka ngozi kwa karibu wiki mbili, kwani nyingi ya rangi hizo siku hizi ni za viwandani, nyingine zina madini yasiyofaa kugusa hata kiatu. Lakini yote hayo yalipona. Kisichopona upesi ni ule mkono wa mtu nisiyemjua usoni mwangu, na waliosimama kando wakicheka. Jioni nikaandika kwenye kundi la familia, mjomba akajibu, "Si nilikwambia?" Nikaona kweli alinambia.

Wiki mbili baadaye, tarehe 22 Machi, nilikuwa ndani ya basi la kwenda chuoni nikaona madirishani na kwenye baraza za ghorofa vitambaa vya kung'aa vimening'inizwa kwenye fito za mianzi, vya kijani, vya manjano, vyenye pindo la dhahabu. Vilinikumbusha kanga zinavyoanikwa. Nikadhani watu wamefua. Ulikuwa Mwaka Mpya wa Wamarathi, umepita mbele ya macho yangu, na mimi sikumuuliza hata aliyekaa kiti cha jirani.

Mwezi wa Juni nililazimika kuhama, chuo kilikuwa mbali mno. Nyumba tatu zilinikatalia. Moja walinikubalia kwa simu, nikafika mlangoni wakaniangalia wakasema imeshachukuliwa. Nyumba ya nne alifungua mwanamke wa miaka sabini na ushei, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, sari ya pamba, miwani imening'inia kifuani. Akaniuliza swali moja tu: kama naweza kuishi bila kupika nyama ndani ya nyumba yake. Nikasema naweza. Akanipa ufunguo wa chumba cha juu. Tangu siku hiyo nilimwita Aji, yaani bibi kwa Kimarathi, na mumewe Ajoba, babu. Walikuwa wanaishi na mtoto wao wa kiume, mkewe ambaye nilimwita Vahini kama wanavyomwita wake wa kaka, na mjukuu wa miaka tisa.

Bibi yangu wa Makunduchi nilipomsimulia kwa simu alisema, "Basi ukae ukijua, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Jembe langu lilikuwa kibao na kifimbo cha kusukumia chapati. Aji hakuwa mtu wa kumtazama mgeni amekaa. Tulielewana kwa Kihindi changu cha kubahatisha, Kiingereza chake cha darasani, na yale maneno ambayo bahari ilishayaleta kwetu zamani: chapati, achari, dukani, gari. Siku niliyomwambia kwamba sisi jaggery yao tunaiita sukari guru, alirudia mara tatu, guru, guru, guru, kwa sababu kwao ni *gul*, na kwa Kihindi *gur*. Alimwita Ajoba aje asikie.

Ndivyo nilivyofika Holi ya 2024 nikiwa upande wa pili wa mlango.

Mkate wa Holi wa Maharashtra unaitwa puran poli, na watoto wana msemo wao wanauimba, "Holi re Holi, puranachi poli." Dengu za kukoboa zinachemshwa mpaka zilainike, zinachujwa, na yale maji hayamwagwi, yanatiwa viungo yanakuwa mchuzi mwepesi wa kulia. Dengu zinarudi motoni na sukari guru. Hapo ndipo kazi ilipo, kwa sababu sukari ikiyeyuka mchanganyiko unalegea kama uji, ukaacha kukoroga unashika chini, ukaharakisha moto unaungua. Unakoroga mpaka mkono unachoka, na ndipo kijiko kinasimama. Kisha iliki na kungumanga, kisha kusagwa hadi iwe laini kabisa, punje moja ikibaki itapasua unga wakati wa kusukuma. Unga wake unakandwa mlaini kuliko wa chapati zetu, unatiwa mafuta na kuachwa ulale. Unachukua donge dogo la unga na donge kubwa zaidi la dengu, unafunga, halafu unasukuma kwa mkono mwepesi kama mtu anayempapasa mtoto mgongoni. Zangu tatu za kwanza zilipasuka. Aji hakuzitupa, alizichoma kwenye chuma akazimwagia samli, akamwita mjukuu.

Ilikuwa Ramadhani, Jumapili ya tarehe 24 Machi, nami nimefunga. Kuonja siwezi. Nilikuwa nanusa tu na kutazama kijiko. Aji alinielewa bila maelezo, kwa kuwa yeye mwenyewe hufunga siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi. Anaacha nafaka, anakula viazi na punje za sago. Aliniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Hivi vyakula, vikiwekwa kwa miungu, wewe utakula?"

Nilikuwa nimeogopa swali hilo tangu Septemba. Nilikuwa nikipewa kitu baada ya ibada nasema nimeshiba, natia mfukoni, nampa paka wa chini. Nikaona leo niseme. Nikamwambia kwamba chakula chake nakipenda, na nyumba yake naiheshimu, lakini kilichowekwa mbele ya sanamu dini yangu hainiruhusu, na kuinamisha kichwa pale siwezi, na kwamba nilikuwa naona haya kumwambia. Aliendelea kusukuma. Kisha akasema katika Kiingereza chake cha mwalimu: mtoto anayesema ukweli hana haja ya kulisha paka. Alikuwa anajua siku zote.

Sahani ya kuweka madhabahuni ni moja, ndogo. Desturi yao ikishamaliza kutolewa hurudishwa na kuchanganywa na chakula kingine ili wote wapate baraka. Siku hiyo, kabla ya lolote, Aji alitenga poli nne kwenye bakuli la chuma, akafunika, akaliweka rafu ya juu. Nikangoja magharibi. Nimefuturu kwa tende na mkate ule uliolowa maziwa ya moto na samli, na hata leo nikikaribia Ramadhani ulimi unaukumbuka kabla ya uji.

Usiku moto ukawashwa uwanjani pa majengo yetu: magogo, matawi makavu, mikate ya samadi ya ng'ombe iliyokauka. Nilisimama mbali, zilipoegeshwa pikipiki. Aji alizunguka akimimina maji kutoka kwenye chombo cha shaba, akatupia ndani poli moja na nazi. Watoto wakajipiga midomo kwa mgongo wa mkono, wakipiga ukelele unaokatika-katika, ndiyo desturi ya Maharashtra usiku huo, na wakubwa wakiwaachia wapige kelele mpaka wachoke. Baadaye vijana wakazitoa nazi kwenye majivu kwa fimbo, wakazipasua, wakagawana. Ile harufu ya nazi iliyoungua! Nilifumba macho nikawa Makunduchi.

Maana kwetu pia tunachoma. Kila mwaka mwezi wa Julai, siku ya Mwaka Kogwa, kibanda cha makuti hujengwa, mtu huingia ndani, kinatiwa moto, naye anatoka mbio mzima. Wanaume wanachapana kwa migomba, wanawake wanaimba maneno ambayo siku nyingine hayasemwi, na ya mwaka uliopita yanaishia hapo. Aji aliponisimulia asili ya moto wao nilimsikiliza kwa masikio ya nyumbani. Mfalme Hiranyakashipu alitaka aabudiwe yeye. Mwanawe Prahlad akakataa, akabaki na mungu wake Vishnu. Mfalme akamtumia dada yake Holika, aliyekuwa na kinga ya moto, akaketi ndani ya moto amempakata mtoto. Moto ukamchukua shangazi, ukamwacha mtoto. Nami nikamsimulia Nabii Ibrahim na moto ulioambiwa uwe baridi na salama. Tulikaa kimya kidogo. Imani zetu ni mbili na hatukujaribu kuzifanya moja. Lakini kabla ya usiku ule, niliposikia neno Holi nilikuwa naona rangi ya fedha kwenye jicho. Sasa nilikuwa naona mtoto amekaa mapajani pa mtu anayetaka aungue.

Asubuhi Aji aliteremka na kijisahani, akaleta majivu ya ule moto, akawapaka watu wa nyumbani kidogo kwenye paji la uso. *Dhuli* ni vumbi, akanambia, na siku hii ni ya kulisalimu vumbi. Kwao wakati wa utoto wake rangi zilichezwa siku ya tano baada ya mwezi mpevu, Rang Panchami, si siku hii, ila miji mikubwa imezifuata desturi za kaskazini. Nilikuwa nimekaa barazani juu, nimejipaka mafuta ya nazi usoni na mikononi kama alivyonifundisha ili lolote litakalonirukia lisishike. Mjukuu akapanda ngazi na sahani ya unga wa waridi, nywele zake tayari za kijani. Akasimama kwenye kizingiti. "Didi, naruhusiwa?"

Didi ni dada. Nikamwonyesha mgongo wa mkono wa kushoto, nikasema hapa tu. Akachora mstari mmoja kwa kidole, kwa uangalifu kama anayechora hina, akashuka mbio kurudi vitani. Mstari ule nilikaa nao mpaka wudhu wa adhuhuri.

Tangu hapo wenzangu waliokuwa wanakuja Pune nikawa nawaambia hivi: ukitaka kujua sikukuu ya watu, usianzie barabarani. Barabarani siku ya Holi kuna watu wema wanaosherehekea na kuna wahuni waliojificha nyuma ya sikukuu, na mgeni hana macho ya kuwatofautisha. Na kauli ile ya usichukie, ni Holi, hata Wahindi wenyewe, hasa wasichana niliosoma nao, wameichoka na wanaipinga waziwazi. Tafuta jiko la mtu kwanza. Huko ndiko utakakojua nini ni cha watu wote na nini si chako, na utapata mtu wa kumuuliza.

Siku kumi na tano baada ya Holi, ukiisha mwezi wa Phalgun, unaandama mwezi wa Chaitra, na siku yake ya kwanza ni Gudi Padwa. Mwaka 2024 iliangukia tarehe 9 Aprili. Nilishangaa, kwa sababu zile kanga zangu za dirishani mwaka uliotangulia zilikuwa tarehe 22 Machi. Ajoba ndiye aliyenieleza, kwa kalamu na pambizo ya gazeti. Miezi yao inafuata mwezi wa mbinguni kama yetu, na mwaka wa miezi kumi na miwili una siku 354 hivi. Sisi tunauacha hivyo hivyo, ndiyo maana Ramadhani inazunguka majira yote. Wao kila baada ya miaka mitatu hivi wanaongeza mwezi wa kumi na tatu ili Chaitra isikimbie maua ya mwembe. Mwaka 2023 waliuongeza, Julai hadi Agosti. Nikamwambia Makunduchi tuna mwaka wa tatu, wa siku 365, uliotoka Uajemi, ambao wazee wanauhesabu kwa makumi. Akaniomba nimwandikie. Tulipoteza saa nzima na kile kipande cha gazeti, na ni moja ya saa nilizofurahi sana India.

Siku yenyewe inaanza kabla ya alfajiri kwa kujipaka mafuta na kuoga. Aliponiambia hivyo nilicheka kwa furaha, maana kogwa ni kuoga. Kwetu watu huenda baharini kuuosha mwaka. Kisha Vahini akachora rangoli mlangoni kwa unga mweupe na wa rangi. Ajoba akaleta mwanzi mrefu. Wakaufunga kitambaa cha hariri, kijani chenye pindo la dhahabu, wakakikunja marinda kileleni. Juu yake tawi la mwarobaini, majani ya mwembe, shada la maua ya manjano, na mkufu wa vipande vya sukari. Mwisho kabisa chungu cha shaba kikageuzwa na kuvalishwa kileleni kama kofia. Hiyo ndiyo gudi. Ikasimamishwa dirishani, ikaelekea mtaa, nikaona mtaa mzima una zake.

Kabla ya kula chochote kitamu, wanatafuna majani machanga ya mwarobaini yaliyopondwa na sukari guru. Mimi nilikuwa na funga ya ishirini na tisa, Aji akaniwekea. Mwarobaini naujua. Bibi alitunywesha tukiwa na homa, tukilia, akitubana pua. Jioni nilipotia ile tonge ndogo mdomoni, uchungu ulifika mpaka masikioni, halafu taratibu utamu ukaja nyuma yake bila kuufuta. Nilimuuliza maana yake nini. Watu wengi watakwambia mwaka una uchungu na utamu. Aji alisema joto linaanza, damu isafishwe. Nililipenda jibu lake. Msichana mmoja wa Hyderabad tuliyekuwa darasa moja alinambia kwao siku hiyo hiyo inaitwa Ugadi na wanatengeneza kitu chenye ladha sita: maua ya mwarobaini, sukari guru, ukwaju, embe bichi, chumvi na pilipili.

Usiku ule mwezi haukuonekana, tukafunga thelathini.

Aprili ina mengi na siwezi kuyamaliza. Tarehe 13 nilikwenda na mwanafunzi mwenzangu Kalasinga kwenye gurdwara, nyumba yao ya ibada, iliyoko mtaa wa Camp kwa ajili ya Baisakhi, siku ya mavuno ya Punjab ambayo pia wanakumbuka kuanzishwa kwa Khalsa, jumuiya yao ya waliokula kiapo cha dini, na Guru Gobind Singh, kiongozi wao wa kumi, mwaka 1699. Mtandio wangu ulinitosha, nikavua viatu, nikakaa chini mstari mmoja na tajiri na mpita njia, tukala dengu na mkate. Kesho yake, tarehe 14, mama aliyekuwa akija kuosha vyombo kwa Aji hakuja. Siku ya Gudi Padwa alikuja kama kawaida. Kumbe sikukuu yake kubwa ni hii, kuzaliwa kwa B. R. Ambedkar mwaka 1891, mtu aliyezaliwa katika jamii iliyoitwa isiyoguswa akaja kuongoza uandishi wa katiba ya India. Nilimkuta kituo cha basi, sari nyeupe iliyopigwa pasi, amemshika binti yake mkono, wanakwenda kuvisha sanamu yake maua. Uso wake ulikuwa na nuru ambayo miezi kumi sikuwahi kuiona akiwa juu ya sinki letu. Nimeiandika hapa kwa sababu nilikuwa nimeanza kusema "Wahindi wanafanya hivi," na mama yule alinifundisha kuuliza Wahindi wepi.

Na mwezi huo huo wanawake wa jengo letu waliitana nyumbani kwa Aji. Kuna desturi ya Chaitra ya kualikana, kupakana manjano na unga mwekundu, kugawana dengu zilizolowekwa, na kunywa panha, kinywaji cha embe bichi. Mimi nilibeba trei. Kulikuwa pia na dengu zilizopondwa na embe bichi, pilipili na majani ya mchuzi. Nilipowaambia kwetu embe bichi tunalikata vipande tukalila kwa chumvi na pilipili nje ya lango la shule, mmoja wao akaleta embe na kisu papo hapo.

Machi 2025, mwaka wangu wa mwisho, Holi ilianguka Ijumaa, tarehe 14, tena ndani ya Ramadhani. Habari hazikuwa nzuri. Katika baadhi ya miji ya Uttar Pradesh misikiti iliyo kwenye njia za maandamano ya Holi ilifunikwa maturubai, na sala ya Ijumaa ikasogezwa nyuma. Mama alinipigia mara tatu asubuhi ile. Nilimwambia niko ndani, nitasali chumbani. Muziki wa uwanjani ulikuwa unatikisa vioo. Ilipotimu saa saba na nusu mchana ukazimika ghafla. Nilichungulia dirishani. Ajoba, kanzu yake nyeupe ina viganja vya waridi mgongoni, alikuwa amesimama karibu na spika, mkono mmoja ameuinua, na mwingine ameelekeza kwenye dirisha langu. Watoto wakakaa chini wakanywa maji. Sikumwomba. Nilisali adhuhuri kwa utulivu ambao nilikuwa nimeukata tamaa, na nilipomaliza nikakaa juu ya mswala nikalia.

Gudi Padwa ya mwaka huo ilikuwa Jumapili, tarehe 30 Machi. Na mwezi unaofungua Chaitra ndio huo huo tuliokuwa tunautafuta sisi kwa ajili ya Idi. Gudi hushushwa kabla jua halijazama. Aji akaipaka manjano na unga mwekundu, Ajoba akaiteremsha, nami nikashika ncha ya mwanzi isigonge dirisha. Akafungua kile kitambaa cha hariri, tukakikunja pamoja, kila mmoja kashika pembe mbili. Mkufu wa sukari akanifungia kwenye karatasi niwapelekee watoto wa Kondhwa.

Tukapanda juu ya dari wote. Magharibi ya mji, juu ya vilima, kulikuwa na vumbi la rangi ya chungwa. Mjukuu ndiye aliyeuona. "Didi, ule!" Mwembamba kama ukucha. Ajoba akavaa miwani, akasema Chaitra. Nikasema Shawwal. Simu yangu ikaanza kulia, wenzangu wa Kondhwa, kisha mama.

Nilipokata simu Aji alikuwa ameshashuka. Nilimkuta jikoni, ncha ya sari ameichomeka kiunoni, sufuria iko juu ya meza. Akaniuliza kwetu asubuhi ya Idi kunapikwa nini. Nikamwambia tambi: unazikaanga zibadilike rangi, unatia tui la nazi, sukari na iliki, unafunika, moto mdogo. Nazi alikuwa nayo. Akanisukumia mbuzi kwa mguu, lile kunio lao la nazi la kukalia ambalo mimi nimeliita mbuzi tangu siku ya kwanza na yeye akalizoea jina. Nikakaa kukuna. Akasimama juu yangu na kijiko mkononi, akauliza, tutajuaje kama zimeiva?

Nikamwambia ainame karibu na asikilize, kwani tui likikauka sufuria hubadili sauti.